Kikopo

Miezi miwili nilikilaumu kiwanda.
Sisi wachambua kahawa hukohoa,
ni vumbi la maganda, alisema msimamizi,
kunywa maziwa, lala mapema.
Nikanywa maziwa. Nikalala mapema,
nikaamka saa tisa za usiku shuka limelowa
kama limeanuliwa mvuani.
Sketi ya kazini ikaanza kunizunguka kiunoni,
zipu mbele, zipu nyuma, yenyewe.

Kituoni Pasua benchi la wenye kikohozi liko nje,
upande upepo unakopita.
Mbonea wa maabara hakuniuliza nimekaa na nani.
Alinipa kikopo cha mfuniko mwekundu.
"Cha kesho, mama, kabla ya chai.
Kohoa toka chini. Mate sitaki."
Mate sitaki! Nilicheka, nikakohoa, nikashika ukuta.

Kikopo nikakifunga gazeti,
gazeti nikalitia kikapuni,
juu yake mnafu na ndizi mshare,
nikapita mlangoni kwa Nakijwa
kama mwizi aliyeiba kitu chake mwenyewe.

Nakijwa. Tuligombana juu ya bomba,
bili ya Machi, elfu nne na mia tano.
Tangu hapo salamu zetu hubebwa na watoto.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi wote, hadi Mawenzi.
Sikuutazama. Niliinama nyuma ya choo
nikiitafuta pumzi yangu ya chini kabisa,
ile ambayo hata kwenye kuzaa sikuifikia.

Jibu Mbonea alilitoa
kama anayesoma bei ya sukari:
"Ni kifua kikuu. Dawa zipo, hulipi kitu.
Miezi sita. Mtoto naye tutampima.
Ila unahitaji mtu wa kukuona ukimeza,
kila siku. Nani yuko karibu?"

Mume yuko na malori, Tunduma au ng'ambo yake.
Dada yuko Rombo. Aikande ana miaka sita.
Karibu, karibu ya kuhesabu kwa hatua,
alikuwapo mmoja tu.

Nilibisha hodi, nikayasema yote kwa mkupuo,
mdomo nimeufunika kwa kitambaa.
Nakijwa akanitazama mpaka jivu la jiko likapoa.
"Saa ngapi?"
"Kumi na mbili, kabla ya zamu."
"Usichelewe. Mimi si saa ya ukutani."

Vidonge vinne, rangi ya tofali.
Alivihesabu kiganjani mwangu kama chenji,
akangoja koo lipande, lishuke.
"Fungua mdomo." Alama kwenye kadi. Mlango ukafungwa.

Siku ya pili mkojo ulitoka rangi ya chungwa,
nikapiga yowe chooni,
na ng'ambo ya ukuta sauti ikajibu:
"Ni dawa hiyo! Si walituambia!"
Walituambia.
Nilichutama pale nikiligeuzageuza lile *tu*.

Mwezi wa tatu nilinenepa, nikajiona mzima.
Nikasema leo siendi.
Saa kumi na mbili na robo mlango ukatikisika:
kanga kichwani, kikombe cha maji, kadi.
"Kahawa ya watu unaichambua hadi punje ya mwisho.
Meza."

Bomba hatukulizungumzia.

Kadi ilipojaa, na kipimo cha mwisho kikawa safi,
nilimpelekea elfu nne na mia tano.
Alizihesabu, akanirudishia mia tano. "Ya sabuni."
Kisha akageuka pembeni, akakohoa,
na hakuwa amepaliwa.
Nilikijua kikohozi kile. Kililala kwangu.

Aliitazama ndoo, hakunitazama mimi.
"Kile kikopo," akasema,
"wanatoa kila siku, au Jumatatu tu?"

"Kila siku," nikamjibu, nikatafuta viatu.
Kikapu nilikiacha msumarini.